Maskati na Bombay: Bahari Moja, Hesabu Nyingi za Safari

Kitabu chetu hiki cha mwaka kwa kawaida hujaa habari za ndoa, za watoto waliozaliwa, za waliofaulu masomo na za waliotutangulia. Mara hii tumeona vyema tutie ndani yake habari ya safari moja ambayo karibu kila nyumba miongoni mwetu inaijua, nayo ni safari ya kutoka Maskati kwenda Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 unaitwa rasmi Mumbai. Ni nani kati yetu asiye na mzee aliyekwenda huko kwa matibabu, au kwa masomo, au kununua mahari na vyombo vya harusi, au kwa biashara tu? Na ni nani asiyesikia neno Bombay likitajwa barazani kama vile linavyotajwa jina la mtaa wa pili?

Vijana wetu wakiuliza, "Kutoka hapa mpaka Bombay ni mbali kiasi gani?" hujibiwa kwa haraka, "Saa mbili na nusu." Jibu hilo si la uongo, lakini ni jibu la leo. Lingeulizwa swali hilo hilo mwaka 1900, jibu lingekuwa siku tano au sita. Lingeulizwa mwaka 1800, mtu mwenye akili asingejibu kabla ya yeye kuuliza, "Tuko mwezi gani?" Nia ya makala haya ni kueleza kwa nini majibu hayo matatu yote ni ya kweli, na kwa nini kijana anayecheka kusikia kwamba babu yake alitumia miezi mitatu kwa safari ya Bombay hakuielewa safari ile.

Umbali wenyewe

Tuanze na jambo lisilobadilika. Kutoka kiwanja cha ndege cha Maskati hadi kile cha Mumbai, ukipima kwa mstari wa mkato juu ya uso wa dunia, ni karibu kilometa 1,590. Hizo ni kama maili 990 za nchi kavu, au kama maili 860 za baharini. Mstari huo ukishaiacha pwani ya Oman hupita juu ya bahari tupu mpaka unakaribia kuigusa pwani ya India. Hakuna kisiwa njiani wala mlima wa kuuzunguka. Maskati iko kwenye latitudo ya 23 na nusu hivi kaskazini, na Mumbai kwenye latitudo ya 19, kwa hiyo msafiri huelekea mashariki zaidi kuliko kusini.

Bahari hiyo haikupanuka wala haikupungua tangu enzi za mababu. Kilichobadilika ni chombo, na zaidi ya chombo ni kile kitu ambacho msafiri alilazimika kukingoja.

Siku za upepo

Mabaharia wa pwani hizi hawakupima bahari kwa maili. Ahmad bin Majid, mwalimu mkubwa wa bahari aliyetoka Julfar katika karne ya 15, pamoja na wenziwe, walitumia kipimo kinachoitwa zam, yaani mwendo wa chombo kwa muda wa saa tatu. Usiku na mchana una zam nane. Sisi tunalitamka zamu, na mpaka leo tunasema fulani yuko zamu, bila ya kukumbuka kwamba lilikuwa neno la chomboni. Kwa latitudo walitumia kidole: nahodha alipima kwa vidole urefu wa nyota juu ya upeo wa macho, na walihesabu kwamba chombo kikienda kaskazini sawasawa kwa zam nane, nyota ya kaskazini hupanda kidole kimoja. Basi umbali na muda vilikuwa kitu kimoja kwao. Ukipiga hesabu kwa vipimo vyao, Maskati hadi Bombay ni kama zam sabini, yaani siku tisa kasorobo kwa upepo mzuri usiokatika.

Kabla ya Bombay kuwa mji wa maana, njia hiyo ya bahari ilikwisha zoeleka. Kitabu cha Kiarabu cha mwaka 851, kinachoeleza habari za China na India, kinasema kwamba vyombo vilitia maji Maskati kutoka kisimani, kisha vikavuka hadi Kulam kusini ya India kwa mwendo wa mwezi mmoja ikiwa upepo ni wa wastani. Bombay ilikuja baadaye sana. Mwaka 1661 Wareno waliitoa kwa mfalme wa Uingereza kama mahari ya binti yao, na mwaka 1668 ikakabidhiwa Kampuni ya Mashariki ya India. Polepole ikaipita Surat, na vyombo vya Maskati, Matrah na Sur vikaanza kuelekeza omo zao huko.

Sasa tuone ni nini kilichoifanya safari ya siku tisa iwe ya miezi mitatu. Kuanzia Juni mpaka Agosti, kusi huvuma kwa nguvu juu ya bahari hii, na bandari za magharibi ya India hazikuingilika kwa vyombo vya matanga. Nahodha aliyekuwa na busara alikaa nyumbani. Huo ulikuwa ndio wakati wa kuvuna tende hapa Oman. Tende za aina ya mabsali huchemshwa zikiwa bado hazijaiva sana, zikaanikwa juani mpaka zikauka, na soko lake kubwa lilikuwa India. Kusi lilipoanza kulegea, mwishoni mwa Agosti na Septemba, tende zilikuwa tayari katika makanda na bahari ilikuwa tayari kuvukwa. Vyombo viliondoka na mkia wa kusi.

Vilipofika vilishusha tende, ndimu kavu na samaki, vikapakia mchele, nguo, viungo, kamba za nazi na mbao za msaji. Lakini havikuweza kugeuka mara moja. Upepo wa kurudia, yaani kaskazi, hauwi wa kutegemewa mpaka Novemba. Basi nahodha, mabaharia na wafanyabiashara wote walikaa. Waliuza taratibu, wakatengeneza matanga, wakaugua na kupona, wakajifunza lugha, wakaingia nyumbani mwa watu na watu wakaingia mwao. Siku tisa za kwenda, miezi miwili ya kungoja, na siku kumi au zaidi za kurudi: hiyo ndiyo miezi mitatu. Sehemu kubwa ya safari ilikuwa ni ukaazi.

Tunaotoka Unguja, Pemba na Mombasa hatuna haja ya kuelezwa zaidi, kwani upepo huo huo ndio uliowachukua wazee wetu kutoka Sur kwenda Afrika kwa kaskazi na kuwarudisha kwa kusi. Atakaye kukiona chombo cha namna hiyo na aende Sur akaitazame ganja iitwayo Fatah al-Khair, iliyoundwa huko mwaka 1951 na ambayo sasa imewekwa pwani ili watu waione.

Na mtu aliyekaa Bombay kwa muda hakurudi kama alivyokwenda. Sayyid Barghash bin Said, baada ya kushindwa katika ugomvi wa utawala wa Unguja mwaka 1859, alipelekwa Bombay na akakaa huko kwa muda wa kama miaka miwili. Alipokuja kutawala, kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji wa Unguja maji ya bomba kutoka chemchemi, na wengi wameona katika kazi zake alama ya mji aliokaa. Hapa Maskati, Sultan Taimur bin Faisal alipojiuzulu mwaka 1932 aliishi nje ya nchi, na alifariki Bombay mwaka 1965.

Meli za moshi

Mwaka 1862 meli za Kampuni ya British India zilianza kuchukua barua za serikali kati ya Bombay na bandari za Ghuba. Mwanzoni meli ilipita mara moja kila baada ya majuma sita hivi, na baadaye zikawa zinapita kila juma. Mwaka 1864 ikafunguliwa hapa Maskati posta iliyokuwa tawi la posta ya India, ikatumia stampu za India mpaka mwaka 1947. Rupia za India ndizo zilizokuwa fedha za sokoni, na tangu 1959 rupia za Ghuba zilizotolewa na benki hiyo hiyo ya India, mpaka Oman ilipotoa fedha zake yenyewe mwaka 1970.

Meli haikungoja upepo. Hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika habari hii, kubwa hata kuliko ndege. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kusema mwezi wa Julai, "Nitakwenda Bombay," na asionekane mwendawazimu. Njia ya meli, hata hivyo, ilikuwa ndefu kuliko ya chombo cha matanga, kwa sababu ilipitia Karachi, na pengine Gwadar. Kwa njia hiyo ni kama maili 970 za baharini. Meli ya mwendo wa maili kumi kwa saa iliumaliza mwendo huo kwa siku nne, na ukiongeza kusimama bandarini zilikuwa siku tano au sita.

Abiria wengi walisafiri juu ya sitaha, si katika vyumba. Kila familia ilitandika mikeka na magodoro yake, ikafunga shuka kuzuia jua, na ikajilisha kwa vyakula vya safari. Maskati hapakuwa na gati la meli kubwa. Meli ilitia nanga katikati ya bandari chini ya zile ngome mbili, na watu na masanduku wakateremshwa kwa mashua. Gati la kweli lilikuja Matrah katika miaka ya mwanzo ya 1970.

Baada ya vita vya pili vya dunia, meli nne za kampuni hiyo zilijulikana na kila mtu wa Ghuba: Dumra, Dwarka, Daressa na Dara. Jina la Dara hutajwa kwa huzuni. Tarehe 8 Aprili 1961, karibu na Dubai, mlipuko ulitokea ndani yake, ikawaka moto, na watu 238 wakapoteza maisha. Dwarka ndiyo iliyobaki hadi mwisho, nayo ikaacha kazi mwaka 1982. Kwa hiyo wapo miongoni mwetu watu wasio wazee sana ambao waliwahi kulala juu ya sitaha yake.

Eropleni

Ndege za abiria zilifika sehemu zetu mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1932 shirika la Kiingereza la Imperial Airways lilihamishia njia yake ya India upande huu wa Ghuba. Ndege zake zililala Sharjah, zikatua Gwadar, kisha Karachi. Gwadar wakati huo ilikuwa ni milki ya Sultani wa Maskati, na iliendelea kuwa hivyo mpaka ilipouzwa kwa Pakistani mwaka 1958. Mwaka huo huo wa 1932, tarehe 15 Oktoba, J. R. D. Tata aliruka na barua kutoka Karachi kupitia Ahmedabad hadi uwanja wa Juhu, Bombay, na huo ndio mwanzo wa lile shirika lililokuja kuitwa Air India.

Ndege za Imperial Airways zilikwenda kama kilometa 160 kwa saa. Lau ingeweza kuruka moja kwa moja kutoka Maskati hadi Bombay, ndege kama hiyo ingechukua saa kumi. Ndege ya jeti ya leo, ikiwa juu, huenda zaidi ya kilometa 800 kwa saa, na ukiongeza muda wa kupanda na kushuka unapata zile saa mbili na nusu tunazozisikia.

Kwa miaka mingi kiwanja cha Maskati kilikuwa Bait al-Falaj, kule Ruwi, kimebanwa na milima, hakifai kwa ndege kubwa. Mwaka 1973 kikafunguliwa kiwanja cha Seeb. Mwaka 1974 Oman, Bahrain, Qatar na Abu Dhabi zikashirikiana kulimiliki Gulf Air, na mwaka 1993 Oman Air ikaanza. Hiyo ndiyo miaka ambayo ndugu zetu wengi, baada ya mwito wa Sultan Qaboos wa mwaka 1970 kuwataka Waomani warudi nyumbani, walikuwa wakiingia nchini kutoka Afrika na kwengineko, na watoto wao wakaikuta Bombay ni safari ya asubuhi moja.

Saa za tiketi

Hapa pana jambo linalowachanganya watu wengi, na linafaa kuelezwa kwa utaratibu. Tiketi huandikwa saa za mji wa kuondokea na saa za mji wa kufikia, na saa za India ziko mbele ya saa za Oman kwa saa moja na nusu. Chukua mfano: ndege imeondoka Maskati saa tatu asubuhi, ikaruka saa mbili na nusu. Itafika Mumbai saa saba mchana kwa saa za huko, na mtu atadhani amesafiri saa nne. Iondoke Mumbai saa kumi jioni, iruke saa mbili na dakika 45: itafika Maskati saa kumi na moja na robo, na mtu atadhani amesafiri saa moja na robo tu. Dawa yake ni nyepesi. Jumlisha muda wa tiketi wa kwenda na wa kurudi, kisha gawa kwa mbili. Saa nne na saa moja na robo ni saa tano na robo. Nusu yake ni saa mbili na dakika 37 hivi, na huo ndio muda wa kweli kwa wastani.

Kurudi kwa kawaida huchukua muda zaidi kidogo kuliko kwenda, hasa miezi ya baridi, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwa hiyo hata rubani wa jeti hajaepukana kabisa na hesabu ya nahodha.

Na hiyo saa moja na nusu nayo ni kazi ya binadamu, si ya jua peke yake. Kwa jua, Mumbai iko mbele ya Maskati kwa muda usiotimia saa moja. India imechagua saa moja kwa nchi nzima, inayofuata mahali palipo mbali zaidi mashariki. Watu wa Bombay wenyewe hawakuipenda: saa ya India nzima iliwekwa mwaka 1906, lakini mji huo uliendelea kutumia saa yake mpaka mwaka 1955.

Kilichopungua na kilichobaki

Tukiziweka hesabu zote pamoja: upepo, siku tisa na miezi ya kungoja, moshi, siku tano au sita, jeti, saa mbili na nusu. Bahari ni ile ile ya kilometa 1,590. Lakini tusijidanganye kwamba kungoja kumekwisha. Tumehamisha tu mahali pake. Tunangoja viza. Tunaambiwa tuwe kiwanjani saa tatu kabla, tukakaa katika viti kwa muda unaopita ule wa kuwa angani. Mgonjwa hungoja majibu ya daktari katika chumba cha hoteli, mahali ambapo babu yake angengoja katika nyumba ya rafiki.

Faida ni kubwa, na asiyeiona hana shukrani. Zamani barua ya msiba iliposafiri kwa meli, msomaji alijua hakika kwamba marehemu alikwisha zikwa siku nyingi. Leo mtoto aliyeko Mumbai akipata simu alfajiri anaweza, akijaaliwa nafasi katika ndege, kumtia mzazi wake kaburini jioni ile ile. Hiyo ni neema ambayo wazee wetu hawakuiota.

Lakini hasara nayo ipo, na ndiyo iliyotufanya tuandike. Ule muda wa kungoja kaskazi ndio uliojenga udugu. Ndani ya miezi hiyo miwili watu walikopeshana bila ya hati, wakaozana, wakaleana watoto. Majina ya Kihindi ya vyakula na nguo tunayoyatumia nyumbani hayakuja kwa ndege. Sisi tunaokwenda Jumatano na kurudi Jumamosi tunarudi na dawa na vitambaa, lakini ni wangapi kati yetu tumerudi na salamu za mtu aliyemjua babu yetu? Wapo jamaa zetu huko, vizazi vya ndoa hizo za zamani, ambao wako saa mbili na nusu kutoka kwetu na hatujawaona tangu wazee wao walipofariki. Wakati wa matanga wangetembelewa kila mwaka.

Kwa hiyo tunaomba kila nyumba ifanye mambo mawili kabla ya kutoka kitabu cha mwaka ujao. La kwanza, mzee aliyewahi kusafiri kwa chombo au kwa meli aulizwe na yaandikwe: jina la chombo, mwezi wa kuondoka, siku za baharini, alingoja nini, na alifikia kwa nani. Hilo la mwisho lisisahauliwe, kwani ndilo litakalotupa majina ya watu wetu. La pili, atakayekwenda Mumbai mwaka huu, kwa jambo lolote, aongeze siku moja juu ya tiketi yake na aitumie kumtafuta mmoja katika hao.